Uvimbe wa sm 7 ulioegemea plura, kushoto chini: picha zifike wapi kabla ya sindano?

Msoma_filamu:

Wadau, habari za kazi. Nina picha ambazo ripoti yake haijaniridhisha, naomba tuijadili. Utambulisho wote nimeuondoa.

Mgonjwa ni mama wa miaka 58. Eksirei ya kifua ilipigwa kwa maandalizi ya upasuaji wa jicho, kikaonekana kivuli cha mviringo kushoto chini. Hana homa, hajapungua uzito, hajawahi kuvuta sigara wala kufanya kazi penye asibesto. Anakohoa kikavu mara moja moja. Ncha za vidole zimevimba na kucha zimepinda.

CT (eksirei ya kompyuta, ya vipande vipande) ilipigwa baada ya dawa ya kontrasti (ya ayodini, inayong'arisha tishu) tu, awamu ya kabla ya dawa haipo, vipande vya mm 5. Uvimbe ni sm 7 × 6 × 5, kingo laini, nyuma umeegemea plura (utando unaolifunika pafu na ukuta wa kifua kwa ndani) na chini umekalia kiwambo. HU (kipimo cha weupe kwenye CT: maji ni 0, hewa ni -1000) 78. Hakuna chokaa, mbavu ziko salama, hakuna majimaji kwenye plura, tezi za limfu ni za kawaida. Ripoti inasema: "Uvimbe wa plura au wa pafu, huenda si saratani. Biopsi ifanyike."

Orodha yangu: uvimbe wa pekee wa nyuzi wa plura (SFT), shwanoma (uvimbe wa ganda la neva) ya neva ya baina ya mbavu, mesotelioma (saratani ya plura) ya donge moja, saratani ya pafu, na kwa mbali kipande cha pafu kilichojitenga kinacholishwa na aota. Nauliza mambo matatu. Je, kuna dalili za CT zinazoweza kuipunguza orodha hii bila sindano? MRI (picha za sumaku) itaongeza kitu au ni gharama tu? Na je, kuna hali ambayo sindano ya biopsi (kuchukua kipande cha uvimbe) yenyewe ni hatari?

---

Pembe_butu:

Mkuu, orodha haina ubaya, ila umeyatanguliza majina. Kwa uvimbe wa nadra kifuani majina yaje mwisho. Jua kwanza umetokea kwenye nini: pafu, plura, ukuta wa kifua, kiwambo au kando ya uti wa mgongo. Kisha jua ndani yake mna nini: mafuta, chokaa, majimaji, damu au nyuzi. Ripoti iliyoandika "wa plura au wa pafu" imeliruka swali la kwanza, ndiyo maana ikakimbilia biopsi.

Tuanze na pembe, maana kila kitabu kinaanza nazo. Uvimbe wa nje ya pafu hukutana na ukuta kwa pembe butu, zaidi ya digrii 90, na ukingo wake hufifia taratibu. Wa ndani ya pafu hukutana nao kwa pembe kali. Kanuni hii ni ya uvimbe mdogo. SFT ikishakua huning'inia ndani ya kifua na pembe zake huwa kali, ukadhani ni ya pafu. Kwa hiyo kwenye sm 7 pembe kali haikatai plura. Angalia mishipa ya damu na vijibomba vya hewa vilivyo jirani: vikiwa vimesukumwa na kubanana pembeni, uvimbe uko nje ya pafu, vikiwa vinaingia ndani yake au vimekatika ghafla ukingoni, uko ndani. Tengeneza picha za wima za mbele na za ubavuni katika dirisha la pafu, ufuate mpasuko wa pafu (mfereji unaotenganisha sehemu zake) kutoka juu hadi chini. Uvimbe uliozaliwa ndani ya mpasuko huchongoka pande zote mbili kuufuata mpasuko huo, na jambo hilo kwenye picha za mlalo halionekani kabisa.

Jambo la pili ni kikonyo. SFT takriban 8 kati ya 10 hutoka kwenye plura inayolifunika pafu, na nyingi zina kikonyo chenye mishipa ya damu. Kikonyo chenyewe mara nyingi hukioni, unachokiona ni uvimbe kuhama. Rudia vipande vichache vya dozi ndogo mgonjwa akiwa amelala kifudifudi. Uvimbe ukihama au kugeuka, mesotelioma na shwanoma zinashuka sana. Usipohama hujajifunza kitu, kwa sababu SFT yenye kitako kipana haihami. Na kwa kuwa huu umegusa ukuta, ultrasaundi inaupata: weka probu kati ya mbavu, mwambie mama avute pumzi polepole, tazama kama uvimbe unateleza pamoja na pafu au umeganda ukutani. Ni kazi ya dakika tano isiyo na mionzi, na sielewi kwa nini inasahauliwa.

Sasa hiyo HU 78. Bila kipimo cha kabla ya dawa ni namba tu. Kifuko cha bronkasi chenye protini nyingi au chokaa laini kinaweza kusoma 80 au hata kuvuka 100 kabla ya dawa, na baada ya dawa kikabaki palepale. Uvimbe wa nyama unaweza kuanzia 40 ukapanda hadi 78. Kwenye picha zako vitu hivyo viwili ni kimoja. CT irudiwe hivi: kabla ya dawa, vipande vya mm 1 hadi 1.25, eneo la uvimbe peke yake. Kisha sekunde 30, sekunde 70, na dakika 4 hadi 5. kVp (volteji ya eksirei) iwe ileile kwenye awamu zote. Fundi akishusha kutoka 120 hadi 100 ili kupunguza dozi, ayodini itang'aa zaidi, nawe utasema uvimbe umenyonya dawa kumbe ni mashine. Awamu ya sekunde 30 ishuke mpaka aota ya juu ya tumbo, kwa sababu mbili. Kipande cha pafu kilichojitenga hupenda mahali hapohapo, kushoto chini nyuma, na utambuzi wake ni ateri inayotoka moja kwa moja kwenye aota. Pili, SFT kubwa hulishwa na ateri za baina ya mbavu, za kiwambo au ya ndani ya titi, na daktari wa upasuaji anataka kuijua kabla hajafungua.

Zipo pia hali zinazojifanya uvimbe. Hernia ya Bochdalek iko nyuma kushoto, ina mafuta ya tumboni, na tundu la kiwambo huonekana kwenye picha za wima. Pafu lililojikunja lina plura nene jirani na mishipa inayojipinda kuliingia. Muulize mama kama bandama iliwahi kupasuka au kutolewa baada ya ajali iliyopasua pia kiwambo, kwani vipande vya bandama huota kwenye plura ya kushoto na hunywa dawa kwa nguvu. Mwenye seli mundu au thalasemia anaweza kuwa na uboho ulioota kando ya uti wa mgongo, kwa kawaida pande zote mbili.

Vidole hivyo usivipuuze. Kuvimba ncha za vidole pamoja na maumivu ya mifupa mirefu kunafahamika kwa SFT, ingawa saratani ya pafu nayo hufanya hivyo, kwa hiyo peke yake hakukati kesi. Pima sukari ya damu akiwa hajala. SFT chache, chini ya 5 kati ya 100, hutoa aina ya homoni ya IGF-2 inayoshusha sukari.

---

Sumaku_1.5:

Naongezea upande wa MRI, kwa sababu umeuliza kama ni gharama tu. Kwa uvimbe huu ina kazi mahususi.

Kwenye T2 (aina moja ya picha za MRI, T1 ni nyingine) vitu vingi vyenye maji hung'aa, hata saratani nyingi. Nyuzi ngumu za kolajeni hubaki nyeusi. Uvimbe wa plura wenye T1 ya wastani, T2 yenye maeneo mapana meusi, halafu unaonyonya gadolinia (dawa ya kontrasti ya MRI) kwa nguvu, una sura ya SFT kuliko kitu kingine chochote. Penye ute au tishu iliyokufa patang'aa kwenye T2, hivyo uvimbe mkubwa huwa na mabaka. Shwanoma huenda kinyume: T2 hung'aa, na mara nyingine hutoa alama ya shabaha, pembeni kweupe katikati kweusi. Kwenye CT shwanoma inaweza kuonekana nyepesi kuliko misuli, watu wakaiita kifuko. Kama imetoka karibu na uti wa mgongo, angalia tundu inapopita neva: likiwa limepanuka na kingo zake zimelainika na kuwa ngumu, hiyo ni kazi ya uvimbe unaokua polepole. Ukiona umbo la dambeli likiingia kwenye mfereji wa uti wa mgongo, sema wazi kwenye ripoti, kwa sababu upasuaji utahitaji timu mbili.

Itifaki ninayoitetea: T2 bila kuzima mafuta na T2 yenye kuzima mafuta, kwa mikao miwili, T1 ya awamu-sawa na awamu-kinyume (ishara za maji na mafuta zikijumlishana, kisha zikipingana), DWI (picha za msambao wa maji ndani ya tishu), T1 yenye kuzima mafuta kabla ya dawa na baada yake kwa dakika 1, 3 na 5, na picha za mwendo mgonjwa akipumua kwa kina. Hizo za mwendo hazichukui hata dakika moja, nazo zinajibu swali la kushikamana na ukuta. Uvimbe unaoteleza juu ya ukuta haujaushika. Usioteleza unaweza kuwa umeshikwa na makovu tu, basi usiandike kwamba umevamia ukuta.

Makosa mawili yanajirudia. La kwanza ni kuamini picha za kutoa, yaani za baada ya dawa kutoa za kabla ya dawa, wakati mgonjwa ameshika pumzi kwa viwango tofauti. Karibu na kiwambo tofauti ya mm 5 inatosha kutengeneza ukingo mweupe unaofanana na unyonyaji. Mwambie ashikilie pumzi baada ya kuitoa. Kuishika baada ya kuitoa hurudiwa kwa usahihi zaidi kuliko kuishika baada ya kuivuta. La pili ni DWI. Damu iliyoganda, usaha na ute mzito hupunguza ADC (kipimo cha msambao huo wa maji) sawasawa na saratani. ADC ndogo isisomwe bila T1 mbele yako.

Mkikutana na uvimbe wa mbele ya kifua, palipo na thaimasi (tezi ya kinga iliyo nyuma ya mfupa wa kifua), MRI hapo huokoa watu na upasuaji kabisa. Kifuko cha thaimasi chenye HU 40 hutolewa kila mara kwa jina la thaimoma (uvimbe wa thaimasi). T2 nyeupe kabisa, kuta nyembamba, ndani hakuna kinachonyonya dawa: hicho ni kifuko, kiacheni. Na thaimasi iliyorudi kukua baada ya kemotherapia ina mafuta ya hadubini, hivyo ishara yake hushuka kwenye awamu-kinyume. Pima thaimasi na misuli kwenye picha zote mbili, gawa uwiano wa awamu-kinyume kwa uwiano wa awamu-sawa. Jibu la 0.5 au 0.6 ni thaimasi ya kawaida au iliyokua tu. Uvimbe wa kweli hukaribia 1. Mpaka unaotumika sana ni 0.7. Kwenye mashine ya 1.5 T (nguvu ya sumaku) muda wa mwangwi, yaani wa kusoma ishara, uwe ms 2.3 na 4.6, ukiazima namba hizo kwenye mashine ya 3 T umeharibu kipimo. Kwa watoto thaimasi bado haina mafuta ya kutosha, kwa hiyo isiposhuka usishtuke.

---

Msoma_filamu:

Asanteni sana. CT imerudiwa kama Pembe_butu alivyoelekeza. HU: kabla ya dawa 41, sekunde 30 ni 63, sekunde 70 ni 92, dakika 4 ni 104. Kuna maeneo mawili madogo katikati yasiyonyonya kitu. Ateri moja kutoka chini ya kiwambo inauingia, hakuna ateri inayotoka moja kwa moja kwenye aota. Kifudifudi umegeuka kama robo mzunguko. MRI: T2 nyeusi kwa sehemu kubwa, yale maeneo mawili yanang'aa. Sukari akiwa hajala 4.6 mmol/L.

Limejitokeza jingine. Pafu la kulia, juu, kuna kinundu cha mm 14, mviringo, kingo laini. Kwenye CT ya kwanza ya mm 5 nilipata HU -52. Naweza kuandika hamartoma (kinundu kisicho saratani, mara nyingi chenye mafuta) na kukiacha?

---

Vokseli:

Usiandike bado. Nipe hesabu kidogo.

Chukua vokseli (kijisanduku kidogo kabisa cha picha) moja ya ukingoni kwenye kipande cha mm 5. Sehemu 90 kati ya 100 ni nyama ya HU 40, sehemu 10 ni pafu lenye hewa, tuseme HU -850. Wastani wake ni 36 toa 85, sawa na -49. Hakuna hata tone la mafuta, na umeshaipata hamartoma yako. Ndiyo maana -52 ya kipande kinene, tena kwa kinundu kilichozungukwa na hewa pande zote, haikubaliki.

Kipimo cha mafuta hufanywa kwenye vipande vya mm 1, bila dawa, picha zikiwa zimetengenezwa kwa kichujio laini. Kichujio kikali cha pafu hufanya kingo zionekane wazi kwa kuzizidisha, na kandokando ya kinundu huacha ukanda wa HU za uongo. Chora duara dogo ndani ya eneo jeusi lenyewe, mbali na ukingo, na liwe na weusi huo kwenye angalau vipande viwili vinavyofuatana. Unatafuta kati ya -40 na -120 kwenye pikseli kadhaa zinazoshikana. Pikseli moja ya -60 kwenye kipande cha mm 1 ni kelele ya mashine. Pima kwanza mtawanyiko wa HU ndani ya misuli ya picha hiyohiyo, utaona unavuka 20 bila shida. Kabla ya yote pima mafuta ya chini ya ngozi na hewa ya koo. Mafuta yasome karibu na -100 na hewa karibu na -1000. Yasiposoma hivyo, achana na kinundu, mwite fundi wa mashine.

Chokaa pia huangaliwa kabla ya dawa, kwa sababu dawa huificha. Chokaa ya umbo la bisi, ya tabaka, ya katikati kabisa, au iliyojaza kinundu chote hutuliza moyo. Iliyokaa upande mmoja au ya vijidoa haitulizi. Karsinoidi (saratani ya pafu inayokua polepole) huweka chokaa, na saratani ya mfupa iliyosambaa mapafuni huweka chokaa ngumu kabisa, kwa hiyo umri na historia visome pamoja na picha. Kinundu chenye mafuta halisi kwenye pafu, kingo laini, chini ya sm 2.5, kwa mtu asiye na liposakoma (saratani ya mafuta) wala saratani ya figo: hapo andika hamartoma bila kigugumizi.

Kama mafuta hayapo bado inaweza kuwa hamartoma, kwani karibu nusu hazionyeshi mafuta. Zipo njia mbili za kuendelea. Ya kwanza na bora ni picha za zamani, hata eksirei ya miaka mitano iliyopita. Kumbuka kipenyo kikiongezeka kwa 26% ujazo umeshakuwa mara mbili: mm 20 kufika mm 25 si kukua kidogo. Saratani nyingi za pafu huongeza ujazo maradufu ndani ya siku 400. Hamartoma hukua milimita chache kwa mwaka. Ila utulivu wa muda mrefu haufuti karsinoidi, nayo ni mvivu wa kukua.

Njia ya pili ni kupima unyonyaji wa dawa. Ayodini mg 420 kwa kila kilo, kwa mL 2 kwa sekunde. Dawa ya mg 300 kwa mL inakuwa mL 1.4 kwa kilo, hivyo mtu wa kilo 60 apewe mL 84. Piga kabla, kisha dakika 1, 2, 3 na 4, vipande vyembamba, duara la kipimo lichukue kama 60% ya kipenyo, katikati. Kinundu kisichopanda zaidi ya HU 15 kwa awamu zote karibu hakika si saratani. Kikipanda zaidi hujui kitu: kinaweza kuwa saratani, granuloma (donge la uambukizo au mwasho) yenye uhai, karsinoidi, au nyumositoma ya skelerosi, hii ya mwisho ikipenda wanawake wa makamo na kunyonya dawa kwa nguvu nyingi. Kipimo hiki kina thamani kikiwa hasi. Nimeona kikitumika kinyume, na huo ni upotevu wa dawa.

---

Nguvu_ya_FDG:

Kwa nini hakuna anayetaja PET (picha za sukari yenye mionzi, FDG, inayokusanyika penye saratani nyingi)? Uvimbe wa sm 7 na kinundu cha mm 14 upande wa pili, kipimo kimoja kingevijibu vyote viwili na mwili mzima juu yake.

---

Pembe_butu:

@Nguvu_ya_FDG mkuu, kwa mwili mzima nakubali. Kwa kutofautisha uvimbe huu, hapana. SFT nyingi hunyonya FDG kidogo, na hata zile zenye tabia mbaya zinaweza kunyonya kidogo, basi SUV (kiwango cha FDG kilichonyonywa) ndogo haitakupa ruhusa ya kulala. Upande wa pili shwanoma isiyo na madhara yoyote inaweza kusoma SUV ya saratani. Hibernoma, uvimbe wa mafuta ya kahawia, huwaka kupita kiasi. Elastofibroma, ile inayokaa chini ya ncha ya chini ya mfupa wa bega, mara nyingi mabega yote mawili kwa wazee, huwaka kidogo na kuzua hofu, wakati CT peke yake inaonyesha tabaka za misuli na mafuta na kesi imeisha. Mpaka wa SUV 2.5 uliotokana na vinundu vya pafu hauna kazi kwenye vimbe hivi.

Kinundu cha mm 14 kinafaa kwa PET kwa ukubwa, kwani chini ya mm 8 jibu hasi halina uzito. Lakini katika orodha ya kinundu hicho kuna karsinoidi, nayo ni mojawapo ya zinazokwepa FDG. Anza na vipande vya mm 1, ambavyo anavyo tayari ikiwa CT ya pili ilipita mapafu yote.

Kwa matokeo mapya, msomaji wetu: kuhama, T2 nyeusi, unyonyaji unaopanda taratibu mpaka dakika 4 (dawa hukawia ndani ya nyuzi), ateri ya kiwambo. SFT iwe ya kwanza kwenye ripoti, na ya pili iwe mbali nayo. Maneno "huenda si saratani" yaondoke. Picha haziwezi kuigawa SFT hivyo, na siku hizi hata wapatholojia hupanga hatari kwa alama: umri wa miaka 55 na zaidi, ukubwa, idadi ya seli zinazogawanyika, na tishu iliyokufa. Mama huyu ana alama ya umri na ya ukubwa kabla kioo hakijawekwa chini ya hadubini. Yale maeneo mawili yasiyonyonya yataje kwa vipimo vyake, mpatholojia ajue pa kukata.

---

Sindano_18:

Nijibu swali la sindano, limebaki peke yake.

Zipo nne ambazo huchomi kabla ya kujiridhisha. Paraganglioma: uvimbe unaoweza kutoa homoni kama adrenalini, kando ya uti wa mgongo au karibu na aota na moyo, unaonyonya dawa kwa kasi awamu ya ateri. Pima metanefrini (mabaki ya homoni hizo) za plasma au za mkojo wa saa 24 kwanza, maana sindano inaweza kurusha shinikizo la damu ghafla. Mshipa uliounganika vibaya ndani ya pafu, unaofanana na kinundu mpaka uone ateri ikiingia na vena ikitoka. Meningosele ya pembeni, hasa kwa mwenye nyurofibromatosisi aina ya 1 (ugonjwa wa kurithi wa vimbe vya neva). Ni maji ya uti wa mgongo, na MRI huonyesha njia yake. Na kifuko cha tegu wa ekinokoka, kwa wanaoishi penye mbwa na mifugo. Kikipasuka huleta mzio mkali na kumwaga mbegu kwenye plura.

Mbali na hizo, uvimbe wa mbele ya kifua kwa kijana wa kiume upimiwe AFP na beta-hCG (alama za damu za uvimbe wa seli za uzazi) kabla ya sindano, na unaoshukiwa kuwa thaimoma yenye ganda zima mara nyingi hutolewa moja kwa moja bila kuchomwa kupitia plura.

Kwa huu wa sm 7 biopsi si hatari, swali ni kama inahitajika. Upasuaji utafanyika kwa vyovyote, na kipande kidogo hakiwezi kuhesabu hatari ya uvimbe mzima. Timu ikitaka uhakika kwanza, hasa kwa ajili ya mesotelioma, sindano ya kufyonza seli iachwe: nyuzi hazifyonzeki, utapata damu na seli chache za umbo la pia. Tumia sindano ya kukata ya geji 18 ndani ya sindano ya kuongozea, vipande 3 au 4 kutoka eneo linalonyonya dawa, si kwenye yale maeneo mawili. Njia ipite juu ya ukingo wa juu wa ubavu wa chini, maana mishipa ya baina ya mbavu hukaa chini ya kila ubavu, na ielekee moja kwa moja ukutani bila kuvuka pafu. Kwenye fomu ya patholojia andika STAT6 pamoja na CD34 (protini zinazopakwa rangi ili kuutambua uvimbe). CD34 peke yake huonekana kwenye vimbe vingi vya nyuzi. STAT6 ndani ya kiini cha seli ndiyo inayofunga mjadala.

Sukari ya 4.6 ni nzuri lakini ni ya asubuhi moja. Kabla ya upasuaji atakaa saa nyingi bila kula, basi ipimwe tena usiku huo na asubuhi yake, na daktari wa usingizi aambiwe mapema kwa nini.